Gari la Viti Viwili la Mtani Wangu

Nianze na viti, maana viti ndivyo vilivyonikutanisha na hili gari, na mie kazi yangu ilikuwa viti. Nilikuwa fundi makochi pale Keko tangu ndevu zangu nyeusi. Shule niliishia darasa la tatu, nikashika nyundo na sindano ya kushonea magodoro. Mtaniona hapa naenda kulia mara narudi kushoto. Nivumilieni, nitafika.

Siku hiyo tulikuwa tunapigilia fremu za makochi kando ya barabara, akatokea mtu mfupi, mabega mapana, kabeba kiti cha gari kichwani. Kiti chekundu, cha ngozi, kimepasuka mshono. Nikamuuliza kabila kabla hata ya kumuuliza shida. Akasema Mnyamwezi, wa Tabora.

Basi, kwa asiyejua: mie Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka kwa mababu. Mtani humwamkii, unamtukana. Akitukana hukasiriki. Ndiyo heshima yenyewe hiyo.

Nikamwambia, "Mababu zako walibeba mizigo kichwani toka bara mpaka pwani, na wewe umeona usiiache kazi ya ukoo! Gari likubebe wewe, wewe unalibeba gari!"

Akakitua kiti taratibu. "Na wewe Mzaramo unafanya kazi? Kwani leo kwenu hakuna ngoma?"

Tukawa ndugu hapo hapo.

Kiti nilikishona vizuri, akaleta na cha pili, halafu akanichukua kwake Temeke nikavifunge mwenyewe. Ndiyo siku niliyoliona. Wenzangu, mie magari nimeyaona mengi, ila lile niliposukuma geti nilivua kofia. La Kimarekani, jekundu la kukolea, michirizi miwili myeupe toka puani mpaka mkiani. Milango miwili, viti viwili, basi. Boneti ndefu hata ukikaa ndani unadhani mbele yako kuna gari jingine. Usukani uko kushoto. Mlangoni wamechora duara jeupe lenye namba ya mashindano, na lile duara halikuwa urembo.

Lilikuja na Mmarekani mmoja, mhandisi wa barabara. Kwao alikuwa akishindana nalo kwenye viwanja vya mbio, na alipoletwa kazini huku hakukubali kuliacha. Akaliinua springi, akaliingiza kwenye mashindano ya vumbi, Dodoma huko, Iringa huko. Mtani wangu ndiye alikuwa fundi wake, tena ndiye aliyekaa naye pembeni akimpigia kelele za kona na mashimo. Mmarekani aliporudi kwao vikombe akaviweka kwenye sanduku, gari akamwachia mtani. Akamwambia ulitunze. Na mtani alilitunza kupita hata ilivyotakiwa. Lilikaa chini ya turubai, limewekewa magogo ili tairi zisikae kwenye unyevu. Kila Ijumaa akitoka msikitini analishusha, analiwasha, analizungusha mtaa, analirudisha. Viti akavipaka mafuta ya nazi. Nikamwambia umeanza kupaka nazi, sasa umekuwa Mzaramo, bado kuchezwa unyago. Akanirushia kitambaa cha grisi.

Mkewe, Mnyamwezi mwenzake, alikuwa haliiti gari. Analiita mke mwenzangu. "Mwulize huyu mwanaume wangu," anamwambia mke wangu, "leo kaanza na mie au kaanza na mke mwenzangu?" Na hakuwahi kulipanda. Anasema hawezi kukaa mapajani kwa mke mwenza.

Sasa nije kwenye mvua.

Tabata nilipojenga ilikuwa bado mihogo na vinyumba vya hapa na pale. Barabara ikinyeshewa ni uji. Masika ya mwaka huo mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi haijatimia sawasawa, na mchana mmoja uchungu ukamshika huku maji yamejaa mpaka kizingitini. Gari la kukodi halikubali kuingia. Jirani mwenye pikapu kasafiri. Mie nazunguka nyumba nimeshika ndoo, sijui ndoo ya nini. Mtani alikuwa amekuja kula mihogo yangu, maana mihogo yangu alikuwa anaisema vibaya na anaimaliza. Gari lake kaliacha kwenye kilima kidogo, juu ya mwamba.

Akamtazama mke wangu, akanyanyuka. Hakutania. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mtani hatanii, nikaogopa zaidi ya mwanzo.

Tukambeba mpaka kwenye gari, tukamlaza kwenye kile kiti nilichokishona kwa mkono wangu. Mie nikazunguka upande wa pili, nikakuta upande wa pili ndiyo kwenye usukani. Nikarudi. Nikataka kujipenyeza miguuni kwa mke wangu.

"Viti viwili, Mzaramo," akasema. "Labda ukae kwenye boneti."

Akaliwasha. Nyie, lile gari likiwaka kuku wanahama. Likachupa kwenye ule uji kama linakwenda kuchukua kikombe, linalala huku, linalala kule, mie nimesimama na ndoo yangu, tope mpaka kwenye meno. Nikaanza kutembea. Nilikwenda kwa miguu mpaka hospitali kubwa, na njiani nilimwahidi Mungu mambo mengi, mengine nimeyatimiza.

Nilipofika nikamkuta mtani amelala kwenye benchi la nje, kifua wazi, kabaki na suruali tu. Shati lake lilikuwa ndani, limemfunika binti yangu.

Akafungua jicho moja. "Umechelewa, Mzaramo. Mtoto kashaniita baba."

Manesi walituambia kwamba kuchelewa kidogo tu kungekuwa habari nyingine kabisa. Habari hiyo siisimulii. Ninaye mke na ninaye binti, Alhamdulillah, na wote wawili wananigombeza mpaka leo.

Kiti kilibaki na doa. Nikamwambia lete nikivue ngozi nikuwekee mpya, bure. Akakataa. "Hilo doa ni kikombe," akasema. "Vikombe vingine Mmarekani kaondoka navyo."

Miaka ikaenda. Tukazeeka sote, gari peke yake halikuzeeka. Mtani akafa mwaka juzi, ghafla, alikuwa anakunywa chai.

Kwenye msiba wa Mnyamwezi, Mzaramo ana kazi yake. Wengine wanalia, wewe unachekesha, ili waliao wapumzike. Nikavaa kofia yake ngumu ya mashindano, nikafunua turubai, nikaingia kwenye gari, nikafunga milango. Nikapiga honi. Nikawaambia waombolezaji, "Mnyamwezi kafa, mali ya Mzaramo! Wallahi mie ndiye mrithi, sitoki humu!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mjane akatuma jogoo na kanga mpya vije kulikomboa gari, kama ilivyo desturi, mtani akishika kitu cha marehemu lazima kikombolewe ndipo aachie. Nikapokea, nikashuka. Jogoo tukamla. Kanga mke wangu anayo.

Sasa hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia, maana nilikuwa nimeliomba gari kwa utani mbele ya mtaa mzima.

Mjane akakaa eda. Alipotoka, watoto wake wanaoishi Mwanza wakamwambia auze gari, maana linakula uwanja, na yeye hana wa kuliwasha. Habari ikanifikia, na ikaja na nyingine. Mnunuzi yupo. Ana ukumbi wa harusi. Anataka kulikata paa, ili bibi harusi akisimama aonekane, na vile viti avitupe, aweke vyeupe vya kung'aa. Alishakuja na futi ya kupimia.

Usingizi ukaniisha. Mie siyo mtu wa magari. Ila kila nikifumba macho naona msumeno unapita kwenye lile paa, na kile kiti kimetupwa dampo.

Nina shamba Kimbiji, nililinunua zamani huko wakati watu wanaogopa hata kufika. Siku hizi Kimbiji inagombewa. Nikaliuza kwa jirani yangu wa huko, mtu mwema, bei siisemi. Binti yangu aliposikia alipiga simu akiwa njiani. Yeye ni dereva wa lori, yale malori marefu ya kupeleka mizigo mpakani.

"Baba, umeuza Kimbiji?"

"Nimeuza."

"Ununue gari ambalo halina hata pa kuweka gunia la mkaa?"

"Lilikubeba wewe, na ulikuwa mzito kuliko gunia."

Akakata simu. Mama yake hakuwa na nafuu. Alikuwa anakuna nazi, hata hakuinua kichwa. "Umri wetu huu, gari la kukaa umelala chali? Ukiingia humo kukutoa itabidi tuite winchi."

Nikaenda Temeke hivyo hivyo. Nikakaa barazani, nikakohoa, nikasema, "Mtani, nimekuja kununua gari."

Mjane akacheka mpaka akashika ukuta. "Jogoo umeshammaliza, umerudi kutafuta mwingine?"

"Mtani, kweli."

"Na kanga safari hii unataka ya rangi gani?"

Nikarudi kwangu. Safari ya pili nikaja na pesa kwenye mfuko wa rambo. Nikaufungua mbele yake. Akachungulia, akatoka mbio mpaka getini, akaita majirani, "Njooni! Njooni mwone Mzaramo kaazima pesa za watu kuja kunitania!" Wakaja kweli. Wakapiga makofi. Mmoja akaniuliza kama zile noti ni za kuchora. Nikafunga mfuko wangu kwa aibu, nikaondoka nimeukumbatia kama mtu aliyeiba.

Mara ya tatu nikaapa. Nikasema wallahi, mtani, nalitaka gari. Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Hata msibani uliapa. Ukaapa wallahi, na honi ukapiga. Mtani wee, unanifurahisha, toka mwenye nyumba aondoke wewe tu ndiye unanichekesha. Lakini Jumamosi yule mtu wa ukumbi anakuja na pesa, mie nimeshachoka kulifuta vumbi."

Jumamosi! Kila neno nililonalo lilikuwa limeshatumika kwa mzaha. Miaka nenda miaka rudi nimemtania yule mama, sasa nina jambo la kweli na sina kinywa cha kulisemea. Hata ningelia angesema Mzaramo kajifunza kulia.

Ijumaa asubuhi nikamwambia mke wangu. Yeye kwao Mtwara, hana utani na Wanyamwezi, akisema neno linabaki neno. Nikamwambia, mama, nenda kanisemee.

"Mie? Gari lenyewe silitaki."

"Najua. Wataka likatwe paa?"

Akaenda ndani. Akatoka kavaa baibui, na mkononi kashika ile kanga ya msibani. "Ukinifuata ufunge mdomo," akasema. "Ukifungua mdomo tu, umeharibu."

Tulipofika mie nikabaki nje, kwenye benchi la muuza chipsi linaloegemea ukuta wa nyumba ile. Dirisha la sebule liko juu ya benchi. Sikwenda kusikiliza, ila masikio sikuyaacha nyumbani.

Wakaamkiana, wakaulizana wajukuu, miguu, sukari. Halafu mke wangu akasema, "Dada, mie sikuja kutania. Mume wangu kauza shamba. Pesa ulizoziona kwenye mfuko ni zake, zote. Usiku halali, anaona msumeno."

Nikasogeza kichwa karibu na dirisha.

"Mie simwelewi," akaendelea mke wangu. "Nimemgombeza, na leo nikitoka hapa nitamgombeza tena. Lakini lile doa kwenye kiti ni langu mie, dada. Mimi na binti yangu tulifika hospitali kwa ajili ya mume wako. Siku ile alivua shati. Sikuwahi kulirudisha lile shati. Hili nalijua, na yeye analijua, ndiyo maana hana akili. Kama utampa mtu wa ukumbi, mpe, ni mali yako. Ila nilitaka ujue kwamba tunayo haja, siyo mzaha."

Muuza chipsi akaniuliza, mzee, mbona machozi, ni moshi? Nikamwambia geuza chipsi zako.

Ndani nikasikia kiti kinasogezwa. Sauti ya mjane ikatoka ndogo. "Mbona hakuniambia?"

"Kakuambia mara tatu."

"Loo." Halafu kicheko kikamponyoka, kikakatika katikati. "Loo! Masikini Mzaramo wa watu. Yuko wapi?"

"Nje. Nimemkataza kusema."

"Mwambie aingie. Na asiseme."

Nikaingia, nikakaa kwenye kochi ambalo nililishona mie mwenyewe. Mjane alikuwa ameshika ile kanga, anaikunja na kuikunjua. Hakunitazama. Alisema tu kwamba marehemu angetaka lisikatwe, lakini asingemwambia mke wake, maana alijua mke wake atasema ndiyo hivyo, unampenda mke mwenzangu. Akasema bei ile ile ya mtu wa ukumbi, wala haongezi wala hapunguzi, ili watoto wa Mwanza wasiseme mama kadanganywa na Mzaramo. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa bado sijaruhusiwa kusema. Akampigia yule bwana wa ukumbi mbele yetu, akamwomba radhi kwa adabu, akamwambia limepata mwenyewe.

Jumamosi hiyo hiyo tukaenda kulichukua. Leseni yangu ilikuwa imekwisha muda. Nikampigia binti. Alikuwa karudi jana yake. Akaja na midomo kaivuta, amekuja kunitii tu. Akazunguka gari mara moja. Akafungua mlango wa kushoto bila kukosea, maana malori yake mengine usukani uko kushoto. Akakaa. Akaona lile doa kwenye kiti cha pembeni, doa limefifia, lina umbo la jani la mhogo. Anaijua hadithi toka utotoni, ila kiti hakuwahi kukiona.

Akaweka kiganja juu yake. Kisha akavuta pumzi, akageuza ufunguo. Kuku wakahama.

"Baba," akasema, na sauti imebadilika, "hii injini imetunzwa."

Nikazunguka kwenda kukaa pembeni yake. Nikamkuta mjane ameshaingia. Kanga kajitanda vizuri, mkoba mapajani, kama anayekwenda harusini.

"Leo namsindikiza mke mwenzangu kwa mume wake," akasema. "Viti viwili, Mzaramo. Labda ukae kwenye boneti."

Haki ya Mungu aliyasema maneno yale yale. Kumbe mume wake alimsimulia.

Basi mie na mke wangu tukapanda bajaji. Nimenunua gari kwa shamba zima na safari ya kwanza nimelifuata kwenye bajaji, navuta moshi wake, na sijawahi kufurahi vile barabarani. Watu wanasimama, wanapunga, wanatoa simu. Dereva wa bajaji anauliza, "Mzee, lile gari la nani?" Nikashindwa kusema langu. Nikamwambia la mtani wangu.

Tabata tukakuta limesimama mbele ya nyumba, mtaa umejaa, binti ameshuka, mjane kabaki ndani. Kafunga mlango. Kioo kaacha nafasi ya kupitisha sauti.

"Mtani, karibu, shuka," nikasema.

"Sishuki. Nimelishika. Likomboe!"

Mtaa mzima ukapiga kelele. Mke wangu akakimbia ndani, akaleta kanga yake nzuri, bado iko kwenye mfuko wake. Mjane akaikataa. Nikasema nitafute jogoo. Akasema jogoo atamtafuna kwa meno gani. Akapiga honi, ndefu.

"Basi wataka nini, Mnyamwezi wewe?"

Akapapasa kile kiti alichokalia, toka juu mpaka chini. "Miaka yote ile nilikataa kukaa hapa," akasema, na hakuwa anatania. "Kumbe panakalika." Halafu akajikohoza. "Kila Ijumaa baada ya swala uje Temeke unizungushe. Bila hivyo nalala humu humu."

Nikamwangalia mke wangu, maana viti ni viwili.

"Mie langu nilishalipanda," mke wangu akasema. "Mkubalie mgeni ashuke, wali unapoa."

Leseni nimeipata upya. Ijumaa nikitoka msikitini nalivua turubai, nafuta vioo, nazipaka ngozi mafuta ya nazi, nakwenda Temeke. Namkuta yuko getini keshavaa. Naendesha polepole, macho yangu siyo yale, na sitaki likwaruzike. Ijumaa iliyopita tukapitwa na bajaji. Kisha tukapitwa na mtu wa mkokoteni.

"Mume wangu," akasema, anatazama mbele, "saa hizi angekuwa kashafika Morogoro."

"Alikuwa anawahi mizigo," nikamwambia. "Mie Mzaramo, nawahi nini?"

Akacheka mpaka akashika dashibodi.